Hesabu kiwanjani: jibu kwa mama mwalimu wa kalasi ya tatu mwenye watoto 58

Swali limetoka kwa mama mwalimu mmoja wa hapa Goma, upande wa Ndosho, nimelifupisha kidogo: "Nafundisha kalasi ya tatu primeri, niko na watoto 58. Kuzidisha na kugawanya kunawashinda kabisa, wakikaa dakika kumi tu wameshaanza kusinzia ao kupigana. Direkta anasema saa ya jimnastiki ni kupoteza muda, tuigeuze saa ya kalkile. Mi nikawaza nichanganye vyote viwili, nikafanya mbio za hesabu, ekipe mbili, mmoja mmoja anakimbia hadi tablo anajibu anarudi. Walifurahi sana, kelele hadi kwa jirani, lakini interogasyo ilipokuja pointi ni zile zile. Kiwanja chetu ni mawe ya volkano matupu, balo hatuna. Nifanye nini? Na kuna mtoto wangu mmoja ana mguu mbaya, yeye nimuweke wapi?"

Mama mwalimu, asante sana, na pole na hao 58, ingawa najua kuna wenzako humu humu mjini watasoma hii na kusema 58 ni wachache, tangu primeri ya serikali iwe ya bure mwaka 2019 kuna wanaofundisha watoto wamebanana benchi moja hadi wa mwisho anakalia tako moja tu. Mi nimefundisha primeri miaka 14 kabla sijaanza kuandaa walimu, na hiyo mbio yako ya tablo nimeifanya mara nyingi kuliko wewe, kwa hiyo nikiisema vibaya ujue najisema na mimi.

Hebu tuipigie hesabu hiyo mbio yenyewe. Weka sekunde 20 kwa mtoto kukimbia, kuandika jibu na kurudi. Ekipe mbili zinakwenda pamoja, kwa hiyo ni zamu 29, mara 20 ni sekunde 580, yaani karibu dakika kumi. Dakika kumi nzima na kila mtoto amefanya kalkile moja. Moja! Ukiwaacha kwenye benchi na kaye zao, yaani madaftari, hata yule mvivu kabisa angefanya tano. Muda mwingine wote walikuwa wanashangilia, na ni kweli walifurahi, hata mechi ya balo watu wa pembeni wanafurahi sana, ila jioni miguu haiwaumi.

Alafu kuna shida ya pili ambayo ndiyo kubwa. Kwenye mbio ile hesabu imekaa mlangoni, mtoto anailipa kama tiketi ili akimbie. Ukitoa 7 mara 6 ukaweka "mji mkuu wa Ubelgiji ni upi" mchezo haubadiliki hata kidogo, miguu inakimbia vile vile. Hicho ndicho kipimo changu na nakuomba ukitumie kwa kila mchezo utakaoletewa na mtu yeyote hata mimi: toa hesabu, uone kama mchezo bado unasimama. Ukisimama bila hesabu, basi hesabu ilikuwa imebandikwa tu. Mchezo mzuri ukitoa hesabu unakufa pale pale, manake mwili wenyewe ndio unaohesabu.

Nikuonyeshe ninaoupenda kuliko yote, na hautaki kitu chochote, hata kamba. Watoto wanatembea kiwanjani, hawakimbii, wanatembea tu wanaimba wimbo wowote wanaoujua. Unapiga makofi unaita "makundi ya nne!" nao wanashikana wanne wanne wanachuchumaa. Na 58 wako unapata makundi 14, wanabaki wawili. Sasa hapa walimu wengi tunaharibu, tunawaambia wale wawili "mmetoka". Hapana bwana. Wale wawili wanaitwa Baki na ndio wenye kazi kubwa, wanatembea kati ya makundi wanahesabu kwa sauti, alafu wanasimama mbele wanatangaza: "Tuko 58, makundi 14 ya watu 4, na sisi 2 tumebaki!" Mwingine mwenye chaki anaandika ukutani 58 = 14 × 4 + 2. Unapiga makofi tena, wanatembea, "makundi ya sita!" makundi 9, Baki wanne. Kila mtoto kwenye kila zamu yuko ndani ya kundi, anahesabu wenzake, anamfukuza wa saba aliyejipenyeza, anavuta mmoja kutoka kundi lililozidi, yaani kugawanya kunafanyika kwa mikono na mabega. Dakika kumi unapata zamu nane hivi, na ni watoto wote 58 kila zamu.

Na namba yako 58 ina utamu wake, sijui kama umeuona. Ita makundi ya nne, wanabaki wawili. Ita ya saba, ni makundi 8 na wanabaki wawili. Ita ya nane, makundi 7 na wawili tena. Ita ya kumi na nne kama kiwanja kinatosha, makundi 4, na wawili tena! Usiwaambie kitu, andika tu ukutani moja chini ya nyingine unyamaze. Mi nilikuwa na kalasi ya 58 pia mwaka fulani, na siku ya tatu hivi msichana mmoja ambaye mu kalasi hafungui mdomo akanivuta shati: "Mwalimu, juu ya nini banabakia tu babili kila mara?" Sikumjibu. Kesho yake wawili wakawa wagonjwa, tukawa 56, tukaita nne, saba, nane, hakuna Baki hata mmoja, watoto wakaanza kutafutana wanauliza Baki ameenda wapi. Pale ukutani yule msichana akasema mwenyewe kwamba 56 ndiyo inakubali zote, na wale wawili ni wa juu yake. Mi nimefundisha vigawo vya namba kwa tablo miaka na miaka, sijawahi kupata sentensi kama ile kutoka kwa mtoto wa miaka tisa. Kila kalasi namba yake ina siri zake, ya 60 inagawanyika ovyo karibu kila kitu, ya 59 haikubali chochote daima kuna Baki, nayo pia ni somo.

Niseme neno juu ya kutoa watoto mchezoni, nina deni hapo. Nilikuwa na mchezo wa kukaa chini: wote wamesimama, ukikosa unakaa, wa mwisho kusimama ndiye mshindi. Niliufanya kila Ijumaa karibu mwaka mzima nikijiona fundi. Siku moja nikaanza kuandika kwenye kipande cha karatasi nani amekaa kwanza, wiki tatu mfululizo ni majina sita yale yale, na mmoja wao nikaona anakosa swali la kwanza kabisa kwa makusudi, hata 2 mara 5, anaenda kuegemea ukuta anatoa karanga mfukoni. Nikamuuliza pembeni, akaniambia bila aibu, "nikikosa mbele ya wote habanichekaka sana." Yaani mtoto anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye alikuwa anafanya swali moja kwa wiki, na yule anayejua ndiye anafanya kumi. Mchezo wowote unaotoa mtu nje usiufanye kwa hesabu. Kwa jimnastiki ya kawaida shauri yako, kwa hesabu hapana.

Mchezo wa pili unataka kamba ya metre kumi na vipande vya kitambaa. Funga kitambaa kila metre moja, mwanzo ni 0 na mwisho ni 100, kwa hiyo kila kitambaa ni kumi, na ukipiga hesabu utaona 1 ni sentimetre 10. Weka kitambaa cha rangi nyingine pale 50 manake watoto wanakitegemea sana kuliko unavyofikiri. Laza kamba chini, ita "37!" ekipe moja inapeleka mtu wake asimame pale anapoona 37 inaishi. Wengine wanabishana, "songa mbele! rudi!" alafu mnapima na kijiti cha sentimetre 10: vitambaa vitatu na vijiti saba. Hapo umefundisha namba na metre kwa pamoja bila kusema. Usiishie kwa watoto watano watano, kuwa na kamba tatu ao nne, hata kamba ya ndizi inatosha, kila kamba na kundi lake, wewe unazunguka.

Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2011 ambapo watoto wadogo wa kabla ya primeri walikuwa wanakanyaga kulia ao kushoto kwenye zulia kuonyesha namba ipi kubwa na mstari wa namba uko mbele yao, wakaelewa mahali pa namba kuliko wenzao waliokaa wanabonyeza kompyuta. Mi sishangai, mtoto akitembea kutoka 37 hadi 62 anahisi kwenye miguu kwamba ni mbali kuliko kutoka 37 hadi 40. Kwenye kaye 62 na 40 zote ni tarakimu mbili tu.

Na hapa niongeze kitu ambacho sisi wa Kivu tunakibeba bure na hatukitumii. Kiswahili chetu cha mtaani kinasema makumi mbili, makumi tatu, makumi mbili na tano. Walimu wengi wanawakatiza watoto, eti sema ishirini, sema thelathini. Kwa diktee ya Kiswahili sanifu sawa, ila kwa hesabu, mama, waache! Makumi tatu na saba ni 37 imejichora yenyewe, makumi ziko tatu na mamoja yako saba, mtoto anaona vitambaa vitatu na vijiti saba. Thelathini haimwambii kitu. Kifaransa nacho onze (11) na douze (12) vinaficha kumi, bora hata sisi tunasema septante (70) na nonante (90) kama Wabelgiji, wale wa Paris wanamwambia mtoto sitini na kumi alafu nne mara ishirini na kumi. Kwa hiyo kiwanjani waite makumi, ukirudi mu kalasi andika kwa Kifaransa pembeni, 37, makumi tatu na saba, trente-sept, wanavuka daraja taratibu.

Mchezo wa tatu ni wa mawe, na mawe Goma si ya kununua. Huu naita kambiste, watoto wote wanajua kambiste, yule mchenji pesa anayekaa barabarani na mafungu ya franka. Gawa kalasi ekipe za watu sita ao saba. Kila ekipe ina kambiste wake amekaa na vifuniko vya chupa na mikebe ya sardini. Katikati ya kiwanja kuna rundo la mawe madogo. Kila mtoto anachukua karatasi yenye namba kati ya 1 na 9, anatembea haraka kwenye rundo, analeta mawe hayo hayo tu, wakati huo huo mwenzake naye yuko njiani, hakuna foleni, wanaenda wawili wawili ao watatu. Mawe yakifika kumi kambiste anayachukua anatoa kifuniko kimoja. Vifuniko kumi, mkebe mmoja. Baada ya dakika tano unasimamisha, kila ekipe inasoma mali yake: mkebe 1, vifuniko 2, mawe 6, tuko 126.

Bon, utamu uko kwenye kurudisha. Sema "kila ekipe imelipa deni la 48". Wana mawe 6 tu, deni linataka 8. Hapo utaona vichwa vinakaribiana, mmoja anasema tuvunje kifuniko, kambiste anawarudishia mawe kumi, sasa ni 16, toa 8 yanabaki 8. Vifuniko kilibaki 1, deni linataka 4, inabidi mkebe uvunjwe, vinakuwa 11, toa 4 vinabaki 7. Jibu 78, na kila "kukopa" ambako kwenye tablo ni kale ka moja kadogo tunakoandika juu bila maelezo, kiwanjani ni tendo, mtu amekwenda kuchenji. Hakuna mtoto wa Goma asiyejua kuchenji, wanatumwa dukani tangu miaka mitano. Mi nimeona watoto kurudi kwenye kaye wakiandika kale ka moja huku wanasema kwa sauti ndogo "navunja kifuniko".

Kuruka kamba wasichana wako wanajua kuliko mimi na wewe, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Kila mruko ni 7, wanaimba 7, 14, 21, 28. Hatari yake ni moja, inakuwa wimbo, mtoto anajua wimbo wote lakini ukimuuliza 7 mara 6 anaanza tena kutoka mwanzo kama mtu anayetafuta mstari ndani ya wimbo wa kwaya. Dawa: mwenye kamba anaisimamisha ghafla pale 42, na wote wanaonyesha kwa vidole ameruka mara ngapi. Sita. Alafu wanaendelea kutoka 42, hawarudi mwanzo. Siku nyingine wanaanza 70 wanarudi nyuma. Basi.

Na kuna kimoja kifupi kinachopendwa na wavulana wanaojifanya wakubwa: mapigo ya moyo. Vidole viwili shingoni, wewe una saa ya simu, sekunde 15, wanahesabu. Zidisha kwa 4. Mtoto aliyepumzika anaweza kupata 22, ni 88 kwa dakika. Wanaruka mahali pale pale dakika mbili, wanapima tena, labda 34, ni 136. Kila mtoto ana namba yake, hakuna wa kumwibia jibu jirani, na ni kuzidisha kwa 4 ambako mtu anataka kweli kujua jibu lake. Mwingine atakuja na 9, maana yake moyo unapiga 36, mwambie basi wewe umeshakufa rudia kuhesabu, wanacheka wanajifunza kuangalia kama jibu lina akili.

Sasa mama, kitu kilichofanya pointi zako zisipande hata kama mchezo ungekuwa mzuri: umerudi mu kalasi ukafunga mlango, mchezo ukabaki nje. Dakika tano za mwisho ni za kaye, kila mara, bila kukosa. Wanaandika walichokifanya: 58 = 9 × 6 + 4, wanachora makundi, alafu unawapa moja ambayo hawakuicheza, kama tungekuwa 50 tukaita makundi ya sita? Hapo ndipo unajua nani ameelewa na nani alivutwa na wenzake, manake kwenye makundi kuna watoto hodari sana wa kuvutwa, wako mahali sahihi kila mara na hawajui kwa nini. Pia usifundishe kitu kipya kabisa huku wanatembea. Kwanza kielewe kwa mawe mezani, kiwanja ni cha kukikomaza. Ule wa makundi tu ndio naruhusu kuanzia nao moja kwa moja, kwa sababu kugawanya ndiko kwenyewe kunaonekana.

Umetaja direkta. Mi ningemjibu hivi, kwa heshima zote: badala ya kuingiza kalkile ndani ya saa ya jimnastiki, toa saa moja ao mbili za kalkile uzipeleke nje. Jimnastiki iachwe ilivyo. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujisukuma mwili hadi moyo uende mbio, na michezo yangu hii ukiangalia vizuri wanatembea zaidi ya kukimbia, haiwezi kuchukua nafasi ya kukimbia kwenyewe. Hawa watoto wengine wamepita mambo mazito, saa ya kucheza bila pointi na bila jibu sahihi ni haki yao. Na kwa sababu hiyo hiyo usitumie filimbi kali wala kupasua baluni, makofi yanatosha.

Akitaka ushahidi mpe wa nje na wa ndani. Wa nje ni Uholanzi, utafiti ulitolewa 2016: watoto karibu 500 wa shule 12, kwa miaka miwili, nusu yao walifanya masomo ya hesabu na lugha wakiwa wamesimama wanaruka, kwa mfano jibu ni 8 unaruka mara 8, mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30. Mwishoni waliwatangulia wenzao kwa hesabu na kuandika maneno kama vile wamesoma miezi minne zaidi. Kusoma hakukubadilika, na ni vizuri useme hivyo pia ili usionekane unauza dawa ya magonjwa yote. Mwaka huo huo Denmark walitoa yao, watoto 165, wiki sita, waliotumia mwili mzima kwenye hesabu walipanda kuliko waliotumia vidole tu kuchezea vitu vidogo mezani, ila wale waliokuwa dhaifu sana kwa hesabu hawakufaidika kama wa kawaida. Hiyo ya mwisho ishike. Wale wako wa nyuma mchezo peke yake hautawaokoa, wanataka wewe ukae nao dakika kumi na mawe na vifuniko, taratibu, wakati wengine wanaandika kaye.

Ushahidi wa ndani ni rahisi. Wiki hii andika tablo kalkile 20, kuzidisha na kugawanya, dakika tatu kwa saa, kila mtoto anaandika jina na majibu sahihi mangapi, funga karatasi weka kabatini. Wiki nne, michezo mara tatu kwa wiki, rudia kalkile zile zile 20. Peleka karatasi zote mbili kwa direkta. Usimpelekee maneno. Na siku moja muombe aje kiwanjani, ingia naye kwenye mchezo wa makundi hadi awe Baki, akisimama mbele ya watoto kutangaza "tuko 60 pamoja na mimi na mwalimu" hatasema tena ni kupoteza muda. Wazazi ni vile vile, mama akiuliza "nakutuma shule ucheze?" mtoto anafungua kaye ukurasa wa siku ile, hesabu ziko pale.

Kiwanja cha volkano sasa. Chaki haikai juu ya yale mawe, usijisumbue, tumia majivu ya jikoni ao kamba iliyolazwa. Fagia kipande kimoja tu, hata metre 12 kwa 8, watoto wakubwa waondoe mawe makali siku ya Jumamosi ya usafi, na yale madogo ya mviringo ndiyo yawe rundo la kambiste. Nusu ya watoto wako na kandambili na kuanguka juu ya lava si sawa na kuanguka kwenye majani, ngozi yote ya goti inabaki pale, ndiyo maana nimekuambia kutembea haraka. Sheria yangu ni moja, "mguu mmoja lazima uwe chini", anayekimbia anarudi mwanzo na mawe yake. Inashangaza vile inavyowasawazisha, wale wenye mbio hawatawali tena. Mvua ikinyesha, na unajua msimu wa mvua hapa, fanya ile ya Uholanzi mahali pa benchi: wamesimama, unaita 24 gawanya kwa 3, wote wanachuchumaa mara nane kimya kimya, nawe unaangalia nani amesimama mapema na nani amepitiliza. Makosa yanaonekana kwa macho, hakuna kaye ya kusahihisha.

Yule mtoto wa mguu mbaya. Usimpe kazi ya kuhesabu pointi pembeni, najua ndiyo inayokuja kichwani kwanza, ila inamtoa mchezoni kwa adabu tu. Mchezo wa makundi wanatembea, na yeye anatembea, kubali kwamba makundi yanaweza kuundwa kwa kumfuata alipo, watoto wataanza wenyewe. Kwenye kambiste awe kambiste siku mbili tatu za kwanza, si kwa huruma, ile kazi ndiyo yenye hesabu nyingi kuliko zote pale, alafu abadilishane na wengine kama kawaida na umsogezee rundo karibu. Kwenye kamba ya namba ndiye asimame kwanza, kwa kuwa hapo hashindi mwenye miguu. Muulize pia mwenyewe anachoweza, mara nyingi wanaweza zaidi ya tunavyodhani na wanachoka na sisi kuwabebea.

Anza na makundi tu wiki ya kwanza, usilete yote kwa mara moja watakuvuruga. Na ile kamba, tafuta ya katani nene ile wanafungia mizigo ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya naironi nyembamba inajikunja inakata vidole na vitambaa vinateleza, ukirudi kesho 50 imehamia 60.